Mpishi Aliyeitwa Mchawi

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwandikia tafsiri mtani wangu, naye ndiye aliyezisema. Mimi ni fundi baiskeli hapa Nachingwea. Kiingereza nilijifunza peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa redio. Yeye alikuwa na sauti. Katika kibanda umiza, ukumbi wetu wa sinema, alikaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, akiwasemea watu wote wa sinema, wanaume kwa wanawake, na hata mbwa.

Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zetu. Siku ya mazishi ya baba yangu alilala ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe jogoo, nasi wafiwa tukacheka huku tunalia. Mtani anaruhusiwa hayo. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Sinema yenyewe aliniletea yeye, kwenye simu. Ilikuwa ya kutisha na ya kuchekesha kwa pamoja. Familia moja tajiri inajenga nyumba isiyokwisha, na kila chumba kipya kikitaka kusimama, ukuta unammeza mtumishi mmoja. Wenye nyumba wanajua. Wanacholalamikia ni kelele tu. Wa kwanza kumezwa ni mpishi, mama mtu mzima mwenye kitambaa kichwani. Ukuta unapofunga, bibi wa nyumba anageuka na kuuliza nani atakayezima jiko. Mwishoni watumishi wanakwisha, na nyumba, kwa kuwa ina njaa, inawageukia matajiri wenyewe wakiwa mezani, wanabishana nani afungue kopo la samaki.

Niliitafsiri kwa wiki tatu, mchana, wakati wa kusubiri wateja. Nilitumia daftari la hesabu: kushoto maneno yao, kulia yangu, chini picha inayoonekana. Swali la bibi yule lilinisumbua kuliko yote. Nikilisema kama lilivyo, watu wasingecheka. Niliandika na kufuta mara nne, mwisho nikaweka: "Sasa huu wali si utaungua?" Nilitaka watu wacheke hapo, halafu waone aibu kwamba wamecheka.

Nilikuwa na sababu. Dada yangu mkubwa alipika katika nyumba ya watu huko Mtwara kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto wa nyumba ile alipougua wakasema mpishi ni mchawi. Wakamtoa na nguo alizovaa. Alirudi Mbekenyera akalima ufuta, na hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya watu. Mimi nililijua. Mtani wangu naye alilijua, maana ndiye aliyekwenda nami stendi kumpokea.

Nikamwomba dada aje Nachingwea kuitazama. Kiswahili chake ni cha sokoni, nyumbani anasema Kimwera, lakini nilimwambia, "Dada, njoo. Safari hii utakayemwona ni wewe."

Jumamosi alasiri kibanda kilijaa. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mnunuzi mmoja wa korosho anayejenga nyumba ya ghorofa Ruangwa. Skrini mpya ilikuwa zawadi yake. Hilo sikulijua mpaka siku ile. Dada alikaa na wanawake wachache karibu na mlango. Mtani wangu akapiga kipaza sauti kidole, akatangaza, "Tafsiri ya leo imeandikwa na mtani wangu, fundi baiskeli! Mpigieni makofi mwalimu wenu!" Nikasimama, wakanipigia makofi.

Mpishi akaingia jikoni. Badala ya maneno yangu nikasikia, "Huyu mama mnayemwona ni mchawi! Kaagizwa kuiroga familia hii!" Ukuta ukafunguka, ukammeza. "Kaumbuka! Nyumba ya tajiri ina kinga, mama!"

Kibanda kizima kilipiga kelele za furaha.

Hakuacha. Kila mtumishi alikuwa mwizi, mvivu au mchawi, na tajiri alikuwa mtu wa watu anayeonewa wivu. Nyumba ilipoanza kuwala wenyewe, alizima akasema umeme umekatika. Feni ilikuwa bado inazunguka.

Nje maoni yalikuwa mazuri mno.

"Ile ndiyo sinema, ina mafunzo," alisema mzee mmoja.

"Mimi nikijenga yangu," dereva wa bodaboda akadakia, "ukuta wa kwanza nauonjesha shemeji."

"Utakumeza wewe kwanza, na hilo deni la pikipiki!"

Wakacheka. Mnunuzi wa korosho akanijia, akanipa mkono. "Mwalimu, umeandika kazi. Watu wavivu wamesikia." Mkono wangu ulikuwa ndani ya wake. Nikasema, "Ahsante, mzee."

Nilimkuta mtani wangu akikunja nyaya.

"Maneno yangu yako wapi?"

"Yamekaa vizuri daftarini, wewe kamusi bila jalada!" Akacheka. "Sikiliza. Mzee anatupa ukumbi kule Ruangwa. Ulitaka nimtukane akiwa amekalia kiti cha mbele?"

"Dada yangu alikuwa pale."

Kicheko kikampungua kidogo. "Mtani, ule ni utani tu. Toka lini tukakasirikiana?"

Taratibu zetu za utani hazikunisaidia. Jogoo wa makaburini nisingeweza kumdai, wala kumtukana kusingefaa, kwa kuwa tusi lingekuwa utani vilevile. Nikasema, "Haya, bwana, usiku mwema," ingawa jua lilikuwa bado juu. Tangu tunafahamiana sikuwahi kumwita bwana. Aliacha kukunja nyaya.

Dada alikuwa ameshaondoka.

Nilimfuata Mbekenyera siku ya tatu, basi dogo hadi Ruangwa, halafu bodaboda. Njiani dereva alinieleza kwamba watu wa kijiji cha Nkowe wanasubiri sinema ya nyumba inayokula wachawi. Alisema ameambiwa imetafsiriwa na bingwa.

Nilimkuta dada uani, anapepeta ufuta. Nikatoa daftari.

"Dada, mimi sikuandika vile. Yamo humu. Nikusomee."

"Soma."

Nikasoma tangu mpishi anapoingia mpaka kwenye wali unaoungua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo. Kwenye wali alitabasamu, kisha tabasamu likafifia.

"Ndivyo walivyo," alisema. "Siku waliyonitoa waliniuliza chumvi naiweka wapi. Nimeshika mlango, wananiuliza chumvi."

"Basi umeona siyo mimi."

"Nimeona." Akapuliza makapi. "Nilikuwa mlangoni, mdogo wangu. Yule tajiri alipokupa mkono, uliupokea?"

"Niliupokea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ahsante."

Akaitikia kwa kichwa, akachota ufuta mwingine, akaendelea kupepeta. Nilikaa pale mpaka gunia likajaa, daftari likiwa wazi magotini, na hakuniambia nisome tena.