Mapunye na Msuko wa Mkeka

Mjukuu wangu wa kike alipata mapunye kichwani, siku zile kila mwenye chumba cha mbele Buguruni kafungua duka la dawa, na dawa nyingine chaki tupu. Daktari mmoja kijana akampa vidonge. Badala ya kupona, kichwa kikavimba, kikatoa usaha. Jirani yangu akaja na kile kisauti chake cha puani: "Shoga, umeuziwa sumu. Vitupe."

Nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikamrudia daktari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umempa nini mwanangu?"

Naye huongea taratibu, kama analisha mtoto uji. "Bibi, uvimbe si wa dawa. Mapunye ni fangasi, na ganda la fangasi limejengwa kwa sukari. Walinzi wa mwili walioko kwenye damu wanalipapasa. Wakilitambua wanaitana, ndio vita hiyo unayoiona."

"Sukari? Mie nanywa chai kila siku, mbona sivimbi?"

"Hiyo ya fangasi imeungwa vingine. Kama mkeka, bibi. Ukindu uleule, msuko tofauti."

Hapo akaninasa. Nasuka mikeka tangu kigori, hata gizani nikiupapasa najua huu wangu, huu wa jirani. Lakini nikajiuliza, au kijana kaona sugu za kusuka vidoleni mwangu akanitungia?

Vidonge nikampa mtoto, ila kila asubuhi nampapasa kichwa kwanza. Uvimbe ukanywea, mpaka siku vidole vikakuta vinywele vinachomachoma. Nikamwita jirani naye apapase, nikabana pua kumwigiza: "Shoga, vitupe."

Hakucheka.