Injini ya Papa Ilipita Mtoni

Mnicheke, lakini polepole, kwa sababu Mama bado hajacheka.

Papa alikuwa na gari ya mbio ya zamani, na injini yake ilizoea kukohoa kwanza kabla ya kunguruma. Papa alipokufa, injini nayo ikakataa. Mama aliomba kitu kimoja: siku ya kuondoa matanga, aisikie tena.

"Tuifungue, tuitengeneze taratibu," alisema mjomba wetu fundi, tonton Bosco. "Ya kununua haitakuwa ya papa yako."

Mimi nilitaka ya kung'aa. Nikanunua injini iliyofanywa upya kiwandani, ile ya papa nikawapa watu wa mashua wa Yangambi kama chuma chakavu. Mama nikamwambia nimeitengeneza.

Siku ikafika, jamaa wakakusanyika kwetu, kando ya mto. Nikawasha. Ikaimba bila kukohoa.

"Imepona, Mama!"

Mama akaikumbatia gari, akalia. Nami nikalia, jinsi uongo wangu ulivyonipendeza.

Ndipo mashua ya Yangambi ikapita. Kumbe wao waliitengeneza ile injini: ikakohoa, ikanguruma. Mama akaiachia gari, akageukia mto.

"Papa yako anapita," akasema. Kisha akanitazama mbele ya jamaa wote. "Bon, haya. Na huyu nimekumbatia, iko nani?"