Majivu Kwenye Makumbi ya Nazi

Kaka yangu alipoacha kula, nilinunua daftari. Ndivyo nilivyo: jambo likinishinda, naliandika. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika uzito wake wa siku nilipomtoa Buffalo, na chini yake nikaacha mistari mitupu kwa ajili ya wiki zitakazofuata.

Yeye ndiye aliyenilea. Tulivuka kutoka Burundi nikiwa na miaka tisa na yeye kumi na saba, na katika kambi ya Kigoma alikuwa baba, mama na mwalimu wangu. Marekani ilitutenganisha: mimi nilipelekwa Louisville, yeye Buffalo. Niliishi mtaa wa Iroquois miaka sita nikipanga mizigo ghalani, kisha tukahamia Whitehall, pembeni mwa Columbus, mke wangu alipopata kazi ya kutunza wazee huko Westerville. Kaka alibaki Buffalo peke yake, akifanya kazi kiwandani, hadi tumbo lilipoanza kumuuma.

Ilikuwa saratani ya tumbo. Dawa aliyotiwa kwenye mshipa ilimfanya atapike hata maji. Siku niliyokwenda kumchukua, muuguzi mmoja alitueleza kwa upole kwamba katika jimbo lao mgonjwa kama yeye anaweza kupata karatasi ya daktari akanunua mafuta ya bangi kihalali, na kwamba wagonjwa wengine yanawarudishia hamu ya chakula. Kaka alitazama dirishani. Mimi nilijibu kwa niaba yake: "Sisi ni watu wa kanisa." Nilisema haraka, kwa sababu gari nilikuwa nimeliegesha mahali panaporuhusiwa dakika kumi na tano tu.

Nilielewa maneno ya yule muuguzi wiki tatu baadaye, nikiwa nimeketi maktaba ya Whitehall na rundo la vitabu kuhusu bangi. Kufikia hapo kaka alikuwa anaishi kwa vijiko: vitatu vya uji asubuhi, viwili jioni, na nusu ya hivyo ilirudi. Ohio ilikuwa imepitisha sheria ya bangi ya dawa, lakini hapakuwa bado na duka hata moja. Nilikuwa nimemtoa mahali ambapo jambo lile liliwezekana nikamleta mahali ambapo halikuwezekana. Kumrudisha haikufaa, safari ile ya kwanza, ya saa tano garini, ilikuwa imemlaza siku nne.

Nikampigia simu mzee mmoja wa Louisville niliyefanya naye kazi ghalani, mwenyeji wa Kentucky, ndevu nyeupe, ambaye hakuwahi kuficha kwamba anavuta. Jumamosi nikaenda kwake. Alinipa mbegu tano ndani ya kichupa cha vidonge, kisha akatoa mfuko wa bangi iliyokwisha kukauka.

"Chukua na hii. Ipo tayari."

Nilimuuliza imelimwa wapi na imepuliziwa nini. Hakujua. Nikamwambia naomba mbegu tu.

"Mbegu ni miezi minne," alisema. "Ndugu yako anayo miezi minne?"

Nilimwambia kwamba nitafanya hesabu. Ule mfuko niliuacha mezani kwake. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile na bado sijapata namna ya kuifanya iwe na akili. Niliamini kile tu ambacho mimi mwenyewe ningeweza kukipima tangu mwanzo, na mtu mwenye njaa alikuwa amelala nyumbani kwangu akinisubiri nipime. Sheria pia niliijua. Nilikuwa na kadi ya ukaazi, sikuwa bado raia, na mimea mitatu kabatini ingetosha kunisimamisha mbele ya jaji wa uhamiaji. Hilo nililipima, nikaona linabebeka.

Kaka nilimweleza mchana, mke wangu akiwepo.

"Bangi?" aliuliza.

"Ni dawa, kaka."

"Kambini nilikuchapa kwa kukaa tu karibu na wanaoivuta."

"Ulinichapa kwa mwiko wa ugali."

"Ukavunjika. Mwiko, si wewe." Alicheka, kisha akashika tumbo na kungoja maumivu yapite. "Haya, mkulima. Ukinirudishia hamu ya kula hata kipande cha muhogo, nitakuomba radhi kwa ule mwiko."

Mke wangu ni Mkongo wa Uvira na mzaha wake si mdogo. "Bon," alisema, "leo unalima bangi kwa kabati. Donc kesho utafuga nguruwe kwa bafu?" Lakini ndiye aliyetoa makoti ya watoto kwenye kabati la ukumbini, akafuta vumbi, akanishikia taa ya kuoteshea mimea nilipokuwa nikiifunga.

Vitabu vilinishauri nipande kwenye makumbi ya nazi. Mimi nimekulia kwenye michikichi; minazi sikuijua. Makumbi huja yamesagwa na kukandamizwa kama tofali, unaliweka kwenye ndoo, unamimina maji, nalo linavimba hadi linajaza ndoo. Ni mepesi, hayana wadudu, hayachafui zulia la nyumba ya kupanga. Zaidi ya yote, waliandika, mimea hukua upesi kuliko kwenye udongo. Neno hilo "upesi" nililipigia mstari mara mbili.

Mbegu tatu kati ya tano ziliota. Katika daftari nilichora safu mbili. Upande wa kushoto mimea: urefu, umbali wa taa, joto, kiasi cha maji na cha chakula chake cha chupa, yaani mbolea ya maji. Upande wa kulia kaka: vijiko, uzito. Kwa wiki mbili upande wa kushoto ulipanda na wa kulia ukashuka, na nikajiambia kwamba mistari hiyo miwili itakutana mahali fulani.

Kisha majani yakaanza kugeuka manjano, kwanza yale machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani kama michoro. Mimea ikasimama kukua. Nilifuata utaratibu: badilisha kitu kimoja tu, ngoja siku nne, andika. Nilipandisha taa. Nilipunguza maji, ikawa mbaya zaidi. Niliongeza chakula cha chupa, ncha za majani zikaungua. Niliharibu siku nne, tena nne, tena nne. Upande wa kulia wa daftari hakuna aliyekuwa akingoja siku nne.

"Njoo ukae," kaka aliniita siku moja kutoka chumbani.

"Nakuja, napima maji."

"Maji hayajambo. Njoo."

Nilikwenda baada ya nusu saa. Alikuwa amelala.

Wiki ya nne tangu majani yaugue, aliomba kuiona mwenyewe. Tulimshika, mimi kwapa hili na mke wangu kwapa lile, tukamweka kwenye kiti mbele ya kabati. Mwanga wa taa ulimwonyesha jinsi alivyokonda, nilitamani kuuzima. Aliitazama mimea mmoja baada ya mwingine. Kisha akachomeka kidole kwenye chungu cha kwanza, akakiweka kwenye ulimi.

"Umeweka majivu."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Kuna cha kusema? Kila mtu anaweka majivu."

"Kila mtu wa wapi?"

Kambini kila jiko lilikuwa na kopo la majivu, na kila mche uliotiwa kwenye gunia la udongo ulipata konzi yake, wa mchicha, wa nyanya, wa chochote. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, jinsi ya kuyanyunyiza kuzunguka shina bila kuligusa. Whitehall tunapika kwa umeme, hatuna majivu. Kwa hiyo nilikuwa nimekwenda kwenye bustani moja ya umma yenye majiko ya kuchomea nyama, nikakwangua majivu kujaza kopo tupu la maziwa ya unga na kuondoka nalo kifuani huku familia moja ikinitazama.

"Kule udongo ulikuwa mchachu," kaka alisema. "Majivu yalikuwa yanautuliza. Hivi vitu vyako si udongo. Utatuliza nini hapa? Ladha yake ni magadi matupu." Alipumua kidogo. "Wewe unayesoma kila kitu, hukusoma hilo?"

Sikusoma, kwa sababu halikuandikwa. Walioandika vitabu vile waliwaonya wasomaji wao juu ya kila kosa ambalo msomaji wao angeweza kulifanya, na hakuna msomaji wao ambaye angekwenda bustanini kukwangua majivu. Nilirudi kwenye daftari nikatafuta. Kila tone la maji lilikuwamo. Majivu hayakuwamo hata kwa neno moja. Sikuyahesabu kuwa kitu nilichoongeza. Kwangu yalikuwa sehemu ya kupanda, kama kuchimba shimo.

Niliviosha vyungu vyote kwa ndoo baada ya ndoo za maji ndani ya bafu, nikipima uchachu wa maji yanayotoka kwa vipande vya karatasi, hadi yakawa kama yanavyotakiwa. Baada ya siku sita jani moja jipya lilitoka kijani. Nilimwita mke wangu aje alione.

"Nimeona," alisema. "Shemeji ametapika damu kidogo. Njoo na weye uone."

Nilikuwa nimepoteza siku ishirini na tano. Niliziandika chini ya ukurasa, nikazizungushia duara.

Mmea mmoja ukawa dume, usiotoa maua ya dawa, nikaung'oa. Miwili iliyobaki ilianza kutoa maua wakati theluji ya kwanza inaanguka, na pamoja na maua ikaja harufu. Siku za Jumamosi wamama wa kwaya walikuja kumwimbia kaka, na kila wakibisha hodi mke wangu alitupa vitunguu kwenye mafuta ya moto.

"Mama, hapa munapika nini?" mmoja wao aliuliza, akivuta pua. "Vitunguu nasikia. Lakini kuna kingine, kama panya ya pori."

"Ni dawa ya shemeji," mke wangu alijibu. "Ya majani."

"Aa, majani ni mazuri. Mungu aliyaumba." Na wakaimba.

Daktari alisimamisha ile dawa ya mshipa. Badala yake akawa anakuja nyumbani muuguzi wa watu wanaongoja mwisho, mtu mwenye sauti ya chini, ambaye kama alisikia harufu hakusema. Kaka sasa alikuwa anapata kijiko kimoja kwa siku, na siku nyingine hakuna. Mimi nilikuwa nimenunua kioo cha kukuzia. Vitabu vilisema maua hayajakomaa mpaka vitone vyake vya utomvu vigeuke kutoka rangi ya maji kuwa rangi ya maziwa. Kila siku nilipiga magoti kabatini nikachungulia. Rangi ya maji.

Ijumaa moja mchana mke wangu alirudi kazini, akaingia kwa kaka kabla hajavua koti, akamvua soksi. Alipotoka alinikuta ukumbini.

"Miguu iko baridi mpaka kwa magoti. Imeanza madoadoa. Kule kazini nimeiona mara nyingi."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Tatu. Watu ya Louisville niliwapigia, wako wanajipanga. Ya Buffalo vilevile." Alitazama mlango wa kabati. "Toa ile vitu leo."

"Hajafa."

"Najua hajafa. Njo maana nasema leo."

Alikuwa sahihi. Kwetu msiba hauna mwaliko wala mlango. Watu wanakuja na magodoro na masufuria, wanalala ukumbini, jikoni, popote, kwa wiki nzima, na kila kabati linafunguliwa na yeyote anayetafuta sahani au blanketi. Kufunga mlango mmoja kwa ufunguo ndani ya nyumba ya msiba ni kuwatukana waliokuja kulia nawe. Lakini kulisafisha kabati kabla ya kufa kwake ilikuwa ni kusema kwa mikono yangu kwamba atakufa bila kula.

Niliikata. Mashina yalikuwa yamekwisha kuwa magumu, ikabidi nitumie kisu cha nyama. Nilichungulia ua moja kwa kioo mara ya mwisho: rangi ya maji, zimebaki wiki mbili, labda pungufu. Niliwaza kuchemsha machipukizi machache na maziwa hata hivyo. Lakini yule muuguzi alikuwa amesema jana yake kwamba asipewe tena kitu cha kumeza, alowanishwe midomo tu kwa sifongo. Nilifunga mifuko miwili myeusi, nikavuka uwanja wa maegesho kwenye theluji, nikaitupa kwenye pipa kubwa la majengo yetu na kuisukumia chini ya masanduku ya karatasi.

Niliporudi nilinawa mikono mara tatu, nikaenda kuketi kwake. Alikuwa macho. Nilimlowanisha midomo.

"Yamekomaa?" aliuliza.

"Bado."

"Yamebaki siku ngapi?"

"Wiki mbili."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, kama alivyokuwa akifikiri kambini kabla ya kugawa unga.

"Basi nitangoja," alisema.

Sikutoka tena chumbani mle. Alifariki Jumapili asubuhi, saa moja baada ya magari ya Louisville kufika. Ya Buffalo yalikuwa bado barabarani. Wamama walichukua jiko bila kuuliza, wakapika sombe ya majani ya muhogo, maharage, wali na samaki, masufuria makubwa kuliko majiko yenyewe. Mmoja wao aliniletea sahani, akasimama mbele yangu hadi nilipoishika. Nilikuwa sijala tangu Ijumaa. Nilikula yote, nikaomba nyingine, nikala na hiyo.