Karatasi Iliyonifanya Dada wa Mwanangu

Kwenye karatasi za serikali, binti yangu ni mdogo wangu. Si kosa la karani. Baba yangu mwenyewe ndiye aliyekwenda ofisi ya komini kumwandikisha, na alipoulizwa baba wa mtoto ni nani, alijitaja yeye, na mama yangu kama mama. Kijana aliyenipa mimba alikuwa ameenda Kamituga kuchimba dhahabu, akaahidi kurudi na ng'ombe wa mahari. Hadi leo hatujaona hata mkia. Na kwetu, mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari ni wa nyumba ya babu yake. Baba hakuona kwamba amemdanganya mtu.

Miaka sita cheti kile cha kuzaliwa kililala ndani ya Biblia ya mama kule kijijini Nyantende. Mtoto alikulia huko, mimi nikiuza vitenge mjini, naye akaniita yaya kama wadogo zangu walivyoniita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Iliniuma kuliko nilivyokubali kusema. Nilipomchukua aje kusoma Bukavu, nilipigana na neno lile miezi na miezi: hakuna beinye, andazi alilolipenda, bila kusema maman. Mwishowe likamkaa mdomoni.

Ndipo daktari alipousikiliza moyo wake. Una tundu, akasema, na lisipozibwa hatakua. Hospitali ya nchi nyingine ilikubali kumpasua, lakini kwa tarehe moja tu, na zilibaki wiki tano. Pasipoti ikahitajika. Niliuliza mahakamani kama cheti kinaweza kurekebishwa; wakaniambia itachukua miezi. Basi tukipeleke kama kilivyo: baba atoe ruhusa kama mzazi, mimi nimsindikize kama dada.

Wiki nzima, kila asubuhi nikimsuka, nilimfundisha upya.

"Mi niko nani yako?"

"Maman."

"Hapana! Ku biro ya pasipoti unasema yaya."

Alicheka, akadhani ni mchezo. Siku ya tatu nilimpiga kofi mkononi, mtoto mwenye moyo ule, na nilijichukia mpaka jioni. "Ukisema maman," nikamwambia, "pasipoti itaharibika, na ndege itakuacha." Hakucheka tena.

Siku yenyewe baba alikuja amevaa koti lake la misa. Tulipanga foleni tangu saa moja asubuhi, na kufikia saa tano midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nilimbeba, mkubwa vile, nikiwatazama kwa hasira wote walionitazama.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Alisoma cheti, akakisoma tena, akahesabu umri wa mama yangu wakati ule: arobaini na sita.

"Papa, bibi yako alizala huyu na miaka quarante-six?"

"Mungu alitupatia," baba akajibu bila kupepesa macho.

"Na huyu mutoto ni wako?"

"Iko wa nyumba yangu."

Mama yule alivua miwani. Hakuwa mjinga, na nilimchukia kwa kutokuwa mjinga.

"Kuya huku, mama," akamwita mtoto kwa upole, kisha akaninyooshea kalamu. "Huyu ni nani yako?"

Mtoto akanitazama. Niliona midomo yake ikikutana, tayari kwa neno lile nililomlipa kwa beinye nyingi. Nikafumba macho.

"Ni yaya."

"Yaya yako?"

"Ndiyo. Yaya yangu."

Muhuri ukagongwa. Akapigwa picha, akaambiwa asitabasamu, wala hakuwa anatabasamu. Pasipoti ingetoka baada ya wiki tatu.

Nje nilimnunulia beinye mbili za moto. Baba alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti. "Sasa imekwisha," nikamwambia mtoto. "Unaweza kuniita."

Alizishika beinye bila kula, akageuka kuutazama mlango wa ofisi. "Nyamaza, yaya," akaninong'oneza. "Watasikia."

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango, nikafunga na dirisha mchana kweupe, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia hapa tuko sisi wawili, hakuna anayesikia. Niliomba, sioni haya kusema, niliomba kama ombaomba.

Akatikisa kichwa, akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta.

"Pasipoti bado kutoka, yaya."