Jarida Lililobaki na Jalada

Miaka ile wanajeshi walipotutawala, nilikwenda kwa mpiga chapa mmoja wa mtaa wa Nakasero kuchukua kadi za ubatizo wa mwanangu, niliyekuwa nimembeba. Mbele yangu alisimama mwanafunzi wa chuo kikuu, mhariri wa jarida la sheria la wanafunzi. Askari aliyewekwa pale kukagua kila kitu kabla hakijachapwa alilamba kidole, akafunua ukurasa.

"Hii nasema nini?"

"Haki za mtu aliyekamatwa, afande."

"Toa." Akaikata kwa kalamu nyekundu. "Na hii?"

"Uhuru wa mahakama, afande."

"Toa!"

Makala zote zikaisha hivyo. Ukabaki ukurasa wa majina ya wahariri.

"Hii ndiyo mzuri," akasema askari, akitabasamu. "Hii acha. Tena ongeza mahali wanalala."

Nikamkumbatia mwanangu. Mwanafunzi akaiomba kalamu kwa adabu, akakata jina lake, kisha majina ya wenzake, hadi karatasi ikachanika.

"Wamejiuzulu wote, afande. Sasa hivi."

Askari akacheka, akagonga muhuri. Likachapwa jalada peke yake. Mimi sikusomea sheria, lakini sijaona jarida lililoeleza sheria zetu za wakati ule kwa ukamilifu zaidi.