Kuni ya kilio ya Riziki

Mpaka sasa kichwa yangu inakataa. Juzi tu tulikuwa wote mu pépinière, kitalu yetu ya miche, mikono mu udongo, ananicheka eti najaza bifuko ya miche sawa vile mutu anafunga chikwangue, ile muhogo ya mu majani. Jana tulimuzika. Riziki! Ee Mungu wangu.

Na leo bantu bananiandikia ku inbox eti niliharibu kilio yake, matanga yake. Eti sina haya. Sawa. Nitajibia hapa, bote basome.

Kwa benye hawakumujua: Riziki alikuwa forestière, bibi miti. Mutoto wa Buleusa, kule Walikale, alikomalia kati ya miti minene. Aliolewa huku kwetu Masisi. Siku ya kwanza kuona milima yetu, aliuliza bwana yake: "Nani aliinyoa hii mulima?" Bashemeki balicheka. Yeye hakucheka.

Pikipiki njo ilimuua, mu matope ya barabara ya Mweso, akipeleka miche. Miche ilipona. Ile kintu inaniuma.

Muko munafikiri kazi ya forestier ni kukataza bantu kukata miti tu. Hapana! Riziki alikuwaka anachuma mbegu. Na mbegu ya muti ya grevillea unaifuata kule juu ya matawi, kabla upepo haijaibeba. Njo vile alikuwaka anapanda juu ya muti. Mwanamuke, amevaa pantalon kama mwanaume, na kamba mu kiuno!

Mama mukwe wake alifunika macho. "Muke ya mutoto wangu iko mu muti kama nyani!"

Riziki akajibia kule juu: "Mama, nyani anakula mbegu, mi nakuletea. Fungua kitenge pale chini, nitupe!"

Na mama alifungua. Tangu siku ile, hakuna mwenye alishikaka mbegu za Riziki kama si ule mama.

Kuna miti tano ya zamani nyuma ya nyumba yao. Riziki alikuwaka anaiita "bamama", sababu mbegu zote zetu zinatokaka pale. Grevillea yenye iko ku shamba yako, mama yake ni mumoja wa bale. Aligawia kila mutu miche, mpaka bandugu benye balikimbia vita, na aliwafundisha: "Kata tawi, acha shina. Tawi njo kuni." Lakini bamama, panga isiwaguse.

Sasa sikieni. Jana, jua ingali juu, tumetoka ku makaburi, bantu bamejaa, baridi, na kuni hakuna. Nasikia panga nyuma ya nyumba: ko! ko! Natoka mbio. Papa Safari, kaka mukubwa wa bwana yake, amesha kupiga mama ya kwanza.

Jamani! Banachoma bamama ya Riziki ili tumulilie Riziki na joto!

Nilifunga kitenge vizuri, nikasimama mbele ya muti.

"Papa Safari, ile panga ianzie kwangu."

"Furaha, toka. Kilio bila moto ni haya. Bageni batasema nini?"

"Baseme. Kesho mbegu tutatoa wapi?"

"Weye ni nani mu hii famille?"

"Collègue yake wa kazi. Na sitoki."

Balinitukana, sitaficha. Muzee mumoja aliniita mulozi, muchawi. Niliegemeza mugongo ku shina.

Kisha mama mukwe wa Riziki akasimama. Akaenda ku shamba yake, akarudia na fungu ya matawi ku mugongo, akalitupa mbele ya Papa Safari. "Washa."

Jirani akaenda ku yake. Na mwingine. Mama mumoja mwenye alikimbia vita, mwenye alipandaka miti ku kipande ya shamba ya kuazima, akaleta tawi moja, mbichi kabisa. Matawi yote ya miti ya Riziki! Moshi ilikuwa mingi, tulilia bote, hata benye hawakuwa na machozi.

Papa Safari hakuniomba samahani. Alinisogezea kiti karibu na moto. Nilikaa.

Basi benye munasema sina haya, muandike tena. Screenshot, mutumie kila mutu. Ile muti yenye ilipigwa panga nimeipaka udongo, nimeifunga na kitambaa. Mwenye anataka kumaliza kazi, anajua fasi ya kunikuta.

Riziki, mbegu zinaanza kuiva. Unajua mi naogopa kupanda juu, ulinichekaka sana. Lakini mama mukwe wako amenipatia pantalon yako na kamba yako. Wiki yenye inakuja napanda. Yeye atafungua kitenge pale chini. Mwenye anataka kuniita nyani, aje aite.

Lala, dada yangu, usiamke kwa ajili yetu. Bamama yako bangali bamesimama.