Ekseli Iliyolala Chali

Mama alitoa masharti yake Jumatatu, akichambua mboga ya mrenda kwenye ungo, na wala hakuinua macho. Mnunuzi wa vyuma chakavu angefika Jumamosi saa nne asubuhi. Kama kufikia saa hiyo gari la Baba lingekuwa limetoka getini kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, basi libaki. Kama sivyo, likatwe vipande, na pale liliposimama yeye ajenge banda la kuku.

"Na bustani yangu isikanyagwe hata jani moja," akaongeza.

Baba alikubali upesi mno. Mimi nilikuwa nyumbani Amalemba kwa likizo, maana nafundisha fizikia sekondari, na nimemjua Baba maisha yangu yote. Akikubali upesi ujue hajasikiliza.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Baba alilinunua enzi alipokuwa akikagua miwa ya wakulima upande wa Ekero. Siku ekseli ya nyuma ilipovunjika, trekta la jirani lililivuta hadi getini, likalisukuma ndani mpaka pua ikagusa ukuta wa jikoni, mkia ukitazama geti. Hapo likakaa miaka kumi na mmoja. Kuku walitagia chini ya usukani. Kila mwaka Baba alisema mwaka ujao litatembea, na kila mwaka Mama alisema sawa, kwa sauti ile ya sawa isiyo sawa hata kidogo.

Mama alikuwa na kesi yake na gari hilo, kesi ya tangu zamani. Hakuwahi kukaa mbele. Kiti cha mbele kilikuwa cha karani wa mizani, au cha mchungaji, au cha betri ya akiba iliyofungwa mkanda vizuri kuliko binadamu yeyote. Mama alikaa nyuma kwenye benchi, karibu na mlango, pamoja na sisi watoto na magunia ya mbolea. Tulikwenda hivyo mpaka Mautuma kwa shangazi, na akishuka alikuwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope.

Fundi alikuja kutoka Ekero Jumanne, na ekseli juu ya bodaboda mbili zilizokwenda sambamba. Jinsi zilivyofika salama sikuuliza.

"Salaam aleikum, Mzee. Nimekuletea mguu mpya."

Mguu mpya ulikuwa wa gari la ukoo mwingine. Matundu ya kuungia propela, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini kwenye ekseli, hayakulingana, ikabidi yatobolewe upya. Propela yenyewe ikazidi vidole vinne, ikapelekwa kukatwa na kuchomelewa. Kisha ikaonekana kwamba vikalio vya springi viko upande wa chini wa ekseli, na gari letu linavitaka juu. Fundi alilala pale mchangani akawaza, akachukia wazo la kukata na kuchomelea tena. Akaona njia nyepesi: aipindue ekseli nzima, kilichokuwa chini kiwe juu. Vikalio vikakaa mahali pake kama vimezaliwa hapo. Tukampongeza. Baba alimpa paja la ingokho, kuku wa mgeni wa heshima, na kwetu paja si kitu cha kugawiwa ovyo.

Ijumaa mchana Baba alikwenda kutafuta kofia yake ya kuendeshea, nami nikaingia chini ya gari kujaza oili. Nilitafuta nati ya kumwagia oili chafu, ile ambayo kila ekseli duniani huwa nayo upande wa chini. Sikuiona. Nilipopapasa juu nikaikuta, inatazama mbingu.

Nikamwita fundi alale kando yangu. Nilimchorea kwa kijiti mchangani: propela inazunguka hivi, ekseli ikilala kifudifudi magurudumu yanakwenda huku, na ikilala chali yanakwenda kule. Aliufuata mchoro kwa kidole.

"Mwalimu, unataka kuniambia nikitia gia ya kwanza hii gari itarudi nyuma?"

"Ya kwanza, ya pili, zote nne. Na gia ya nyuma ndiyo itakayokwenda mbele."

"Ya nyuma haiingii. Ilikufa kitambo, Mzee mwenyewe aliniambia."

Kuirudisha ekseli ilivyotakiwa ni kazi ya siku moja na nusu, na sisi tulikuwa na jioni moja. Fundi akaanza kuomba msamaha kwa Mungu, halafu kwangu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Niligeuza kichwa nikaona geti liko nyuma yetu, limenyooka na mkia wa gari kama limepimwa kwa rula. Kulia kwetu ilikuwa bustani ya mrenda, kushoto tangi la maji. Gari lisilo na gia ya nyuma, pua ukutani. Baba alikuwa amepanga kutoka vipi? Jibu ni kwamba hakuwa amepanga. Lau ekseli ingefungwa sawasawa, gia ya kwanza ingemwingiza jikoni.

Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye chesisi.

"Tumwambie Mzee," fundi akasema, dhamiri ikimsumbua.

"Amekuuliza?"

"Hapana."

"Basi usijibu usichoulizwa."

Tukaing'oa propela ya mbele na kuificha chini ya gunia, maana Baba angeingiza magurudumu yote manne kwa maringo, na ya mbele yangevutana na ya nyuma mpaka kitu kikatike. Tukamwambia kros yake, kile kiungo cha mwishoni, imekwisha. Ni uongo wa pili kwa siku moja, ukihesabu ule wa kunyamaza, na nilikuwa likizo.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri. Niliogopa. Tangu astaafu, gari lile ndilo kitu pekee ambacho Baba alikizungumzia kwa wakati ujao. Mengine yote, miwa, mizani, hata sisi wanawe, aliyazungumzia kama yaliyopita. Nilimpenda, na niliona aibu kumchezea, na bado kila nilipokumbuka ile nati inayotazama juu nilicheka chini ya blanketi.

Jumamosi saa nne kasorobo mnunuzi wa vyuma alikuwa tayari getini, amekaa juu ya mkokoteni wake, anatafuna muwa. Mama alisimama kando ya bustani, mikono nyuma. Baba akatoka na kofia. Akapanda, akawasha. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakubali, na kuku wawili wakatoka upande wa abiria bila kuaga.

Nilimtazama Baba kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama. Akatia gia ya kwanza. Halafu, kabla hajaachia klachi, akageuza shingo akatazama nyuma, getini. Kabla. Nitaliapia hilo mahakamani. Kumbe alijua. Aliiona ile nati lini, na amenyamaza tangu lini, mpaka leo hajaniambia nami sijauliza.

Gari likarudi nyuma taratibu, kwa heshima zake zote, likapita kati ya tangi na bustani, likatoka getini. Hakuna jani lililokanyagwa. Mnunuzi wa vyuma alihamisha mkokoteni wake kwa haraka ambayo hakuwa ameipanga.

Baba akasimamisha barabarani, akakaa anatazama mbele kama mtu aliyefanya jambo la kawaida.

"Imetoka," akasema.

"Imetoka," Mama akakubali. "Sasa irudi."

Fundi akaanza kukagua kucha zake. Baba akaeleza, kwa maneno machache na bila kumtazama mtu, kwamba gari kwa sasa linakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo litarudi kwa kuzunguka mtaa mzima wa Amalemba kinyumenyume, kisha liingie kwa mkia.

Nilidhani Mama atapasuka. Alikuja hadi kwenye gari, na Baba, ambaye hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, akajinyoosha akamfungulia mlango wa mbele.

"Mama watoto, panda. Kaa hapa."

Mama alikitazama kile kiti. Akatazama barabara, akatazama gari linaelekea wapi. Kisha akaufunga ule mlango polepole, akazunguka, akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi lake lile lile karibu na mlango, akaifunga leso yake vizuri.

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikiona barabara ikiniacha," akasema. "Leo nataka niione ikikuja."

Basi wakaenda. Mimi na fundi tulitembea kando. Baba hakuona vizuri, shingo ilimuuma, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kutoka kwenye usukani, ambako zamani kulikuwa mbele na leo ni nyuma, aliuliza kuna nini. Na Mama akamwambia. Kuna ng'ombe, ngoja. Pita sasa. Kona kulia, kulia yangu si yako. Salimia jirani, mimi nishamsalimia. Sijawahi kuwasikia wakizungumza mengi kiasi hicho kwa mara moja. Nilifuta macho, nikajifanya ni moshi.

Fundi alirudi wiki iliyofuata na jeki yake kuja kuilaza ekseli inavyopaswa. Mama alimkaribisha ndani, akamwekea obusuma, ugali wa kwetu, na mrenda na kipande cha nyama, akamwambia ale polepole, hakuna haraka. Alipomaliza, Mama alimwongeza kingine. Akamwambia ile kazi inaweza kungoja mwaka ujao.